Ule muzungu mwenye kuweka Kuminga ku benchi

Kule Marekani ilikuwa tarehe 4 mwezi wa kwanza 2024, uku Goma tulisha ingia tarehe 5, saa kumi na moja ya asubui, niko chini ya blanketi na telefone, umeme hakuna tangu jana mangaribi, mega za internet zinabakia za kuhesabia, bateri iko ku 19. Golden State banacheza na Denver, basketi ya NBA, ile ligi kubwa ya Marekani. Jonathan Kuminga wetu, mutoto wa Goma mwenye kucheza Golden State, iko anacheza muzuri, anaruka, anatia, mi nacheka pekee yangu polepole juu bibi analala. Kisha kocha wake, Steve Kerr, ule muzungu, anamutoa. Sawa, apumzike kidogo. Nangoja. Dakika tano. Nangoja. Dakika kumi. Kumbe ile ilikuwa njo mwisho, dakika 18 za mwisho za mechi mutoto wetu alizimalizia ku benchi, Golden State balikuwa mbele sana bakaanza kurudi nyuma polepole kama gari yenye kukosa freni mu mulima, na saa ikikatika Jokić wa Denver akarusha mpira toka mbali, pale mbali kabisa, pale mutoto wa ku tereni yangu akirusha namukimbizaka tereni mara kumi, ukaingia. 130 kwa 127. Bateri nayo ikazima.

Nikapata umeme ku saa nne. Nafungua WhatsApp, groupe yetu ya basketi iko inachemka. Vokali juu ya vokali, ujumbe wa sauti tu. Ule muzungu hapende mutoto wetu, ule muzungu anamuharibia maisha, ule muzungu hajue kitu anabebwaka na Curry, staa wa ekipi. Mi pia nilituma vokali yangu, sitaandika apa maneno yenye nilisema juu mama yangu anasomaka hii blogu. Na ile siku ile ile bagazeti ba kule bakatoa habari kama Kuminga hana imani tena na kocha wake. Siye tukasema eeh, njo ivyo, ametusikia.

Sasa kesho yake ilikuwa siku ya posho, jumamosi. Siku ya posho njo siku yangu ya mechi, juu mi nafundishaka batoto ba miaka 14 mpaka 17 ku tereni moja ya kartie, bure, na filimbi yenye nilinunua mwenyewe. Tulishinda. Niko nakusanya mipira (mipira ni tatu, donc haikamatake muda) naona mama moja anakuja moja kwa moja kwangu, kitenge kimefungwa ya nguvu, sura ya mutu mwenye alisha tayarisha maneno njiani.

– Jambo kocha.
– Jambo mama.
– Mutoto wangu iko mugonjwa?
– Apana mama.
– Hajue kucheza?
– Anajua, mama. Tena muzuri.
– Sasa juu ya nini mi nilifunga meza yangu ku soko ya Virunga, nikalipa taxi-moto franka elfu mbili, nikuje kumuona anakaa?

Nikamupa ile jibu yenye makocha bote ba dunia bananunuaka ku duka moja: mama, apa iko ekipi, haiko mutoto moja. Akaniangalia vile banaangaliaka mutu mwenye kutaka kubauzisha sambaza ya jana. Akashika mutoto wake mukono, bakaenda. Na mi nikabakia pale na mipira yangu tatu, najikumbusha vokali yangu ya jana. Ku macho ya ule mama, ule muzungu ni mimi.

Njo tangu ile siku nilianza kumufuatilia Steve Kerr kwa kweli, si kwa kumutukana tu.

Lakini kwanza juu ya benye hawajue sababu gani tulikuwa tunajichanganyaka ivi na Golden State, ekipi ya San Francisco. Jonathan Kuminga alizaliwa apa Goma tarehe 6 mwezi wa kumi 2002. Ule mwaka siye tunauita kwa jina ingine, mwaka wa volkano: tarehe 17 mwezi wa kwanza Nyiragongo ilipasuka, lava ikapita mu mji katikati, ikafunika kipande ya njia ya ndege ku airport, ikateremuka mpaka mu ziwa. Tereni yangu iko juu ya ile mawe. Yeye akaenda Marekani 2016, mutoto bado, na tarehe 29 mwezi wa saba 2021 Golden State bakamuchagula namba 7 ku drafti, ile siku ekipi za NBA zinachagulaka bachezaji bapya kwa zamu. Miezi miwili tu mbele ya pale volkano ilipasuka tena, tarehe 22 mwezi wa tano, mangaribi, siye bengine tulivuka Gisenyi, kule Rwanda, na godoro ku kichwa, bengine kisha bakatembea mpaka Sake. Donc ule mwaka tukisikia kama namba 7 mu drafti ni mutoto wa Goma, mwenye hajue basketi ni kitu gani naye alifurahi. (Bismack Biyombo wa Lubumbashi naye alikuwaka namba 7, mu 2011. Namba 7 iko yetu, baandike.) Na 2022 akabeba taji na miaka 19. Ata kama ile finali ya Boston karibu yote aliitazamia ku benchi kama siye tuliitazamia ku telefone, mwenye mechi ni Goma, bishana na mimi.

Mi mwenyewe benchi naijua. Nilichezaka miaka 6 mu ekipi moja ya apa mujini, jina naacha, na mu ile miaka 6 nilianza mechi mara nne, na moja kati ya izo nne ni juu mwenzangu alikuwa na malaria. Nilikuwaka remplasa wa kweli kweli. Benchi yetu ilikuwa ubao juu ya mawe mbili ya volkano, ukisimama mbio mwenzako wa kule ngambo anaanguka, na jua ya saa nane inakupiga ku uso. Mutu mwenye hajakaa pale anazania kukaa ni kupumzika. Si kupumzika. Misuli inapoa, magoti inakauka, na uko na lazima ya kuwa tayari juu kocha akigeuka akakuita hatakuuliza kama umesha pata moto, anakutupa ndani dakika mbili, ukikosa mpira wa kwanza anakurudisha, na pale mechi yako imeisha. Lakini kuko kitu benchi inakupa. Mwenye iko ndani ya tereni anaona mutu mwenye iko mbele yake. Mwenye iko ku benchi anaona bote kumi. Mi nilikuwaka najua nani wa ekipi ingine amesha choka mbele ata kocha wao ajue, juu anaanza kushika kaputula na mikono mbili. Nilikuwaka najua fo, makosa, za kila mutu. Hakuna mwenye aliniulizaka, lakini nilikuwa najua.

Sasa angalia ule muzungu.

Kerr alizaliwa Beirut, Lebanon, mu 1965. Baba yake, Malcolm Kerr, alikuwaka profesa wa mambo ya kule Mashariki ya Kati, njo maana batoto balikomaa kati ya Beirut, Cairo na California. Mu 1982 baba akapewa kuongoza Universite ya Kimarekani ya Beirut, na vita iko inaendelea, na tarehe 18 mwezi wa kwanza 1984 bantu ya bunduki bakamupiga masasi pale pale karibu na biro yake. Steve alikuwa na miaka 18, mwaka wake wa kwanza ku universite ya Arizona, simu ikamukuta usiku mu chumba ya banafunzi. Apa kwetu hakuna mwenye ako na lazima ya kuelezewa simu ya usiku iko namna gani. Siku mbili kisha akavaa, akacheza. Na mu 1988 bakienda kucheza kule kwa majirani zao ba Arizona State, bafani bakaanza kumupigia makelele juu ya baba yake, mechi haijaanza ata, iko anapasha misuli, banamuimbia PLO, PLO, jina ya chama ya Bapalestina. Akatia panie 6 za pointi 3 mu nusu ya kwanza. Alirusha ngapi? 6.

Mi nilijuaka Kerr wa kucheka ku televizio na kuvunja plaketi ya kuandikia akikasirika. Ii ya baba sikuijuaka. Nilisoma, nikafunga telefone kwanza.

Mu 1986 goti ikavunjika ku kombe la dunia kule Hispania, msimu muzima akaukosa. Ku drafti ya 1988 Phoenix bakamukamata namba 50. Namba 50 ni kama ile nyama yenye muchinjaji anaongezaka juu umemunulia mingi. Kisha Cleveland, Orlando kidogo, kisha Chicago mu 1993. Na fungua masikio ku ii hesabu: misimu 15 mu NBA, mechi 910, zenye alianza ni 30. Tatu kumi. Bengine 880 zote alitoka ku benchi, kama mimi, tofauti yeye balikuwa banamulipa. Katikati ya kila mechi pointi 6. Lakini akirusha za pointi 3 aliingizaka 45.4 kwa mia, na mpaka leo mu hesabu ya maisha yote hakuna mwenye amemupita. Curry hapana. Hakuna.

Ile ya Michael Jordan, staa wa Chicago, bote tunaijua, 1995, mazoezini, Jordan anamuchokoza anamuchokoza, Kerr akajibu, Jordan akamupiga ngumi, jicho ikavimba. Kisha Jordan akapiga simu kuomba musamaha. Kerr mwenyewe anasemaka tangu pale njo balianza kuelewana. Mi sitakushauri kupigana na kapiteni wako, mi nilijaribuka mara moja mu 2009 na hatujaelewana mpaka leo, tukikutana ku rond-point Chukudu kila mutu anaangalia ngambo yake.

Matunda ya ile ngumi yalionekana 1997, finali ya Utah, mechi ya sita. Pointi ziko sawa 86 kwa 86. Dakika ya kupumzika, Jordan anamuambia Kerr ajitayarishe juu Stockton wa Utah atamuacha akuje kusaidia kumukamata Jordan, na Kerr anajibu kama Stockton akitoka yeye atakuwa tayari, hata video iko, utamuona na taulo. Na Stockton akatoka kweli. Jordan akapasa, Kerr akarusha, chooo. 88. Taji. Sasa jiulize, mechi kama ile, saa kama ile, Jordan anapasa kwa mutu wa namba 50. Juu alijua ule mutu amesha rusha ile mpira kichwani mwake mara elfu akiwa amekaa.

Akabeba taji tatu na Chicago, 1996, 1997, 1998, akahamia San Antonio akabeba 1999, donc nne za kufuatana, ekipi mbili. Ingine 2003, na ya ile 2003 kuko mechi moja mi naipendaka kuliko ata ya Utah. Ni mbele ya finali, banacheza na Dallas, mechi ya sita. Kerr ana miaka 37, ile msimu karibu hachezake, mechi na mechi zinapita hajasimama. Tony Parker, wa kushika mpira, mugonjwa. San Antonio iko nyuma. Kocha Popovich anageuka ku benchi anamuita muzee. Muzee anaingia na ile magoti yake ya baridi, anatia ya pointi 3, anatia ingine, ingine, ingine, nne, hajakosa ata moja, bakashinda, bakaenda finali, bakabeba, akaacha basketi. Mi ile mechi naonyeshaka batoto bangu ku telefone, tunakusanyika kumi na mbili juu ya kioo moja yenye kupasuka.

Pale njo nilianza kutengeneza teori yangu, na kila mutu mwenye alikubali kunipa soda aliisikia: kocha muzuri anatoka ku benchi. Angalia Phil Jackson mwenye alimufundisha Kerr Chicago, mataji 11 ya kufundisha, na wakati alikuwaka anacheza New York alikuwa mutu wa kutoka ku benchi. Angalia John Thompson. Uyu naye ni wetu kidogo, juu njo mwenye alitufundishia Dikembe Mutombo, Mungu amupumzishe. Mutombo alifika universite ya Georgetown, kwa Thompson, mu 1987 na bourse, alitaka kusoma munganga, Thompson akaona urefu, akamuita. Sasa Thompson mwenyewe alichezaka Boston miaka miwili tu, 1964 mpaka 1966, nafasi yake ilikuwa nyuma ya Bill Russell, staa mukubwa wa Boston. Nyuma ya Russell! Ni kukaa kabisa. Alibeba taji mbili akiwa amekaa, akaenda kufundisha, na mu 1984 akakuwa kocha wa kwanza mweusi kubeba taji ya ma universite ya daraja la kwanza. Kwa ngambo ingine, Magic Johnson, mwenye hakujuaka benchi iko na rangi gani, balimupa Lakers mu 1994, mechi 16, akapoteza 11, akasema basi naacha.

Teori yangu ilikuwa inatembea vizuri mpaka siku moja mukubwa moja wa groupe akaandika neno moja tu: Bird. Larry Bird, staa wa mastaa, mwaka wake wa kwanza wa kufundisha Indiana akakuwa kocha wa mwaka, 1998, na 2000 akabafikisha finali. Na Russell mwenyewe, kocha wa kwanza mweusi mu NBA, alibeba 1968 na 1969 akifundisha na kucheza wakati moja. Nikanyamaza siku mbili. Sawa, haiko sheria. Lakini kwa Kerr iko kweli, na hapo sitoki.

Juu hakukimbilia kufundisha. Aliacha kucheza 2003, akaenda kusema mechi ku televizio, kisha 2007 mpaka 2010 akakuwa mukubwa wa ekipi ya Phoenix, njo yeye mwenye alimuleta Shaquille O'Neal kule, na ile haikuzaa taji, akarudi ku televizio. Mu 2014 Phil Jackson alimutaka New York, Golden State nao balimutaka. Akachagula Golden State. Hakuwa amesha fundisha mechi ata moja mu maisha yake. Ata ya batoto? Ata ya kuwa musaidizi. Mi nakubali niko na uzoefu kumupita ile siku.

Na alipokea ekipi yenye kushinda, mechi 51 mu msimu, si ekipi ya kufa. Tatizo yake ilikuwa pasi: mu NBA nzima njo balikuwa ba mwisho kwa kupasa. Akabaambia nataka pasi 300 kila mechi. Ii niliiba moja kwa moja, lakini kwangu nilisema 100, na mutoto wa kuhesabu ni mwenye iko na jeraha, anachora vijiti mu kaye. Siku ya kwanza tulifika 41.

Lakini ile yenye naheshimu zaidi ni ya Andre Iguodala. Mutu alicheza mechi 758 mu NBA na zote, zote kabisa, alizianza. Kerr anafika, mwaka wa kwanza, anamuambia weye utatoka ku benchi, nafasi yako nampa Harrison Barnes, kijana. Fikiri kumuambia mukubwa ivyo. Na mukubwa akakubali, hakufurahi lakini akakubali, msimu wote. Mechi 67 bakashinda. Bakafika finali na Cleveland, bako nyuma 2 kwa 1, na Nick U'Ren, kijana wa kutayarisha video, hakuwa ata kocha wa kukaa mbele, akaona mu video ya finali ya mwaka wenye ulipita kama kumuanzisha Iguodala inaweza kusaidia. Akatuma ile wazo usiku. Kerr akasikia. Mutu mwenye alikaa mechi 880 ku benchi anajua kama yule wa mwisho kabisa anaweza kuwa ameona kitu. Akadanganya bandishi ba habari kama hatabadilisha, kisha akabadilisha, akatoa Bogut murefu, akaanzisha Iguodala, bakashinda tatu za kufuatana, taji, na muchezaji bora wa finali akakuwa nani? Iguodala.

Bengine napita mbio. Mugongo balimupasua 2015, akaumwa sana, mechi 43 za kwanza za msimu Luke Walton akamushikia kazi akashinda 39, bakamaliza 73 kwa 9, hakuna ekipi imesha fanya ivyo, kisha bakapoteza finali wakiwa mbele 3 kwa 1 (siku ile kuna mutu wa Himbi alipoteza telefone yake ku dau, anajijua). 2017 na 2018, na staa Kevin Durant ndani, taji. Kisha msimu wa 2019-2020 mechi 15 za kushinda, 50 za kupoteza. Ekipi zingine zingemufukuza. Kisha 2022 taji tena, na Kuminga wetu ndani. Tano za kucheza, nne za kufundisha, tisa.

Sasa rudi na mi ku ile wiki ya mwezi wa kwanza 2024.

Siku ya kwanza ya mazoezi nilimuita ule mutoto pembeni. Ni kijana wa miaka 15, murefu, kimya, anakujaka mbele ya bote. Nilikuwa nimesha soma mambo ya Kerr siku zile zote, kichwa imejaa, nikamupa yote: mechi 910, akaanza 30, Utah, Dallas, magoti ya baridi. Nikamuambia ata mimi mwenyewe, mwana, miaka 6 nilikaa, na njo benchi ilinifundisha. Nilijisikia nasema vizuri. Akaniangalia chini chini, akasema na heshima yote:

– Sawa kocha. Lakini mi haiko weye.

Sikukuwa na jibu. Mpaka leo nikikumbuka napata haya kidogo.

Juu alikuwa na haki. Kerr alikuwa namba 50. Mi nilikuwa mutu wa mawe mbili na ubao. Kwa siye benchi ilikuwa ni neema, tungeweza kuwa ata nje ya mukuta tunachungulia. Mutu wa namba 7 benchi yake haiko ile. Mutoto mwenye alitoka Goma akaacha bote, akavuka bahari, bakamuambia weye njo kesho yetu, ukimukalisha hasikie kama unamufundisha, anasikia kama umemusahau. Na Kerr, na akili yake yote, nafikiri pale njo pahali hakuonaka. Alizania dawa yenye ilimuponesha itaponesha kila mutu. Kisha ile habari ya Denver baliketi bakasemezana, Kuminga akaanza kucheza dakika mingi, pointi 20 na kupita, mechi na mechi. Tukatulia. Lakini ugonjwa haukuisha.

Angalia Olimpiki ya Paris 2024. Kerr iko kocha wa Marekani, Jayson Tatum alikuwa amesha beba taji na Boston mwezi wa sita, na mechi ya kwanza na Serbia Tatum hakuingia ata dakika. Zero. Kerr akasema alijisikia mujinga kumuacha, lakini dakika 40 hazitoshe bantu bote. Ku nusu finali, Serbia tena, akamuacha tena. Bakabeba zahabu, bakapiga Ufaransa 98 kwa 87, basi nani atasema kitu. Ni mutu mwenye ako tayari kuitwa mujinga mara mbili na ekipi ile ile.

Na 2025 njo ilinimaliza. Mwezi wa ine, mechi ya mwisho ya msimu Kuminga hakuingia. Mechi yenye ilifuata na Memphis, hakuingia. Houston ya kwanza, hakuingia. Groupe yetu haikuchemka ata, bantu balikuwa bamechoka, mutu moja alituma tu picha ya kiti ya plastiki. Kisha Curry akaumia muguu, mechi ya kwanza na Minnesota, na Kerr akageuka ku benchi, na ku mechi ya tatu mutoto wetu akatia 30. Yeye mwenye hakuwa anaingia. 30! Nilikimbia nje na kaputula ya kulalia. Bakapoteza ile mechi, bakatolewa 4 kwa 1, mi sikujali, nilikuwa na yangu. Na kisha nikafikiri: ile ni Dallas 2003 kabisa. Mutu amekaa, amekaa, anaitwa, iko tayari. Donc Kerr alikuwa na haki? Ao Kuminga alikuwa na uwezo wa 30 wakati wote na ule muzungu alituibia? Tulibishana mpaka asubui na mi nilibadilisha kambi mara tatu.

Turudi kwa ule mama, nimusahau tena apana.

Ijumaa mangaribi ya ile wiki nilienda kwao. Sikutuma ujumbe, nilienda na miguu, kule juu ya kartie, njia ya mawe matupu. Mama akanipa kiti, akanipa chai ya maziwa, hakunipa tabasamu. Mutoto akakaa ku mulango. Nikasema mama, kesho hataanza. Kijana mwingine anashika mpira muzuri kumupita, kwa sasa, na mi sitadanganya. Lakini robo ya tatu, dakika ya tano, ataingia, na hatatoka mpaka mwisho wa ile robo, tukishinda tukipoteza.

Mama akageuza kikombe yake.

– Na ukisahau?

Nikatoa telefone, nikamuonyesha, nikatia alarme pale mbele yake. Akachukua telefone akaiangalia karibu karibu, kama ni nguo ya kununua, akaniongezea sukari.

Siku ya posho tulianza vibaya. Mama alikuwa pale, meza yake tena imefungwa, kitenge ile ile. Robo ya tatu bako mbele yetu pointi 6, kijana wangu wa kushika mpira njo anaanza kuamuka, amesha tia mbili za kufuatana, batoto banapiga makelele, mechi inageuka, na alarme ikalia mu mufuko. Ile sauti ya jogoo. Bote ba ku benchi bakasikia. Kama kungekuwa mi pekee yangu ningeizima, naapa. Nikaangalia tereni, kijana wangu anakimbia anacheka. Nikageuka ku benchi.

Alisha vua pulovere, iko amesimama.